Mshenzi Mwenye Karatasi

Kijana mmoja alikuja kijiweni kwetu, Kurasini, na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Aliliweka juu ya benchi, akalifungua, tukachungulia. Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa mwenye miguu minene na macho ya usingizi.

"German Shepherd huyu," alisema. "Laki nne. Kwa vile ni nyie, laki tatu na nusu."

Hakuwa na cheti, hakuwa na kadi ya chanjo, na mama wa mtoto huyo hatukuambiwa yuko wapi. Lakini neno "German" lilitosha. Watu walimpisha kivulini. Mzee mmoja, ambaye sijawahi kumwona akimtupia hata paka mfupa, alimtuma mtoto dukani akalete maziwa.

Chini ya benchi hilohilo alikuwa amelala mbwa wangu, Watasema. Kijana alimsukuma kwa kisigino apate pa kuweka mguu, kisha akauliza, "Hili koko la nani?"

Sikilizeni sarufi yake. Mtoto wa boksini alikuwa "huyu". Mbwa wangu alikuwa "hili". Mmoja kapewa ngeli ya watu na wanyama, mwingine ngeli ya mawe na mageti mabovu. Nimelisikia hilo "hili" miaka mingi, na leo nataka kulijibu. Hoja yangu ni moja: hakuna mbwa koko. Kuna mbwa walioandikwa mahali na mbwa ambao hawajaandikwa, na ni sisi tuliokataa kuwaandika wa kwetu.

Watasema alikuwa mbwa mdogo, kilo kumi na kitu. Manyoya yake yalikuwa mafupi, rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe, na soksi nyeupe miguu yote minne. Masikio wima. Mkia umejikunja mgongoni kama mkono wa kikombe. Akisikiliza jambo, ngozi ya paji la uso ilijikunja, akafanana na mzee anayesoma risiti ya luku. Jina alipewa na mama yangu, kwa desturi ile ya zamani ya kumwita mbwa jina ambalo jirani atalisikia kila jioni na kulielewa.

Siku moja nilikuwa natafuta kwenye simu dawa ya kupe, nikakutana na picha yake. Haikuwa yake, ila ningeapa. Soksi zilezile, mkia uleule, uso uleule wa mzee mwenye mashaka. Maelezo yalisema ni aina ya kale ya mbwa wa kuwinda kutoka Afrika ya Kati, na bei ilikuwa ya dola, tarakimu nne. Jina la aina hiyo ni Basenji.

Msomaji wa Kiingereza akifika hapo anapita tu. Msomaji wa Kiswahili lazima asimame. Basenji ni washenzi.

Neno hilo ni letu. Watu wa pwani ndio waliowaita watu wa bara washenzi, na misafara ya karne ya 19 iliyofuata pembe na watumwa ndiyo iliyolibeba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Huko "wa-" ikawa "ba-", na katika Kilingala basenji wakawa watu wa porini, wasiostaarabika machoni pa mwenye shati na cheo. Wakoloni wa Kibelgiji walilikuta neno limeshakaa kitini, wakalitumia. Mbwa wa vijiji hivyo wakawa mbwa wa basenji. Upande wa Kenya nako walowezi wa Kiingereza walilichukua neno lilelile, wakamwita mbwa wa Mwafrika mbwa shenzi.

Na "koko"? Kamusi za zamani zinasema koko ni kichaka. Mbwa koko ni mbwa wa vichakani. Kwa hiyo koko na basenji ni tusi moja katika lugha mbili: mbwa wa watu wa porini. Tofauti ni kwamba moja limechapishwa kwenye cheti na kutiwa mhuri, na lingine linatamkwa na mtu anayeinama kuokota jiwe.

Tazameni mhuri huo ulivyopatikana. Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yaliyofanyika London wakati huo. Muda si mrefu wakafa kwa distempa, ugonjwa ambao mbwa wa Ulaya walikuwa wameshauzoea kuliko wao. Miaka ikapita. Mwaka 1937 mwanamke wa Kiingereza, Olivia Burn, alipeleka wengine, na safari hii watu walijaa kuwatazama. Katika miaka ya 1940 American Kennel Club, chama cha Marekani kinachotunza madaftari ya aina za mbwa, kiliwaingiza kitabuni. Mbwa hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikaa chini akaandika: huyu ni mtoto wa yule, ana rangi hii, kimo hiki, tabia hizi.

Na tabia zenyewe ni za kuandikwa kweli. Basenji habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti ya kupanda na kushuka, mithili ya mtu anayeimba na mafua. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati aina nyingi hupata mara mbili. Hujilamba akajisafisha kama paka. Huwinda kwa macho na kwa pua pia, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa mbwa wengi wa kuwinda wamefanywa wategemee zaidi kimoja. Katika msitu wa Ituri, Wambuti huwafunga mbwa wao kengele ya mti shingoni, ili msasi ajue mbwa yuko wapi akiwa anamfukuza mnyama kimyakimya kuelekea kwenye nyavu. Mtu aliyebuni kengele hiyo alimjua mbwa wake vizuri. Alikosa daftari tu.

Linganisheni na Wajerumani. Katika karne hiyohiyo ya 19, wawindaji wao walitaka mbwa mmoja wa kazi zote: aoneshe ndege alipojificha, afuate nyayo za mnyama aliyejeruhiwa, aingie majini, alete kilichoanguka bila kukitafuna. Wakachanganya damu, wakachagua, wakafanya mitihani, wakaandika kila kitu, wakampata Deutsch Kurzhaar, ambaye ulimwengu wa Kiingereza humwita German Shorthaired Pointer. Ni mbwa hodari, sina ugomvi naye. Nina ugomvi na sisi, tunaomwona yule kuwa matunda ya akili ya binadamu, na wa kwetu kuwa ajali ya jalala.

Mbwa wa kijijini Tanzania anafanya kazi ngapi? Usiku analinda boma. Asubuhi anaenda na mbuzi. Mchana anafukuza ngedere shambani. Kusini mwa Unguja wasasi wamekuwa wakitoka na mbwa na mikuki kuwakabili nguruwe mwitu wanaofukua mihogo, nyama ambayo wala hawaili. Kando ya Ziwa Eyasi Wahadzabe leo huingia porini na mbwa waliokonda ambao mtalii huwahurumia, mpaka awaone wakikimbia. Hakuna aliyewatungia mbwa hawa mtihani. Mtihani wao ulikuwa kuishi: njaa, kupe, chui, ukame. Aliyefaulu alizaa. Siwaiti mkawinde, maana sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali na sababu zake ni nzuri. Nasema tu kwamba wazee waliosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia hawakuwa wanamzungumzia mbwa wa kuagiza.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo ingepaswa kutupa haya. Mabasenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mababu wachache mno, na daftari likafungwa: asiye mtoto wa walioandikwa haingii. Damu ilizunguka palepale, na magonjwa yakajitokeza. Baya kuliko yote ni linaloitwa Fanconi, ambapo figo huvujisha sukari na madini ambayo mwili unayahitaji. Wafugaji wakaona wanakoelekea. Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walifunga safari hadi Zaire, wakaenda vijijini, wakaomba mbwa. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea wageni hao.

Rudieni sentensi hiyo polepole. Walioandikwa walianza kuugua, na tiba ikaenda kutafutwa kwa wasioandikwa. Mbwa ambaye huku tunamwita uchafu ndiye aliyekwenda kuokoa ukoo wenye vyeti.

Sayansi nayo imesema yake. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa vijijini wa Uganda walionekana kuwa wa hapahapa Afrika kwa sehemu kubwa, wenye utofauti mwingi wa damu, na basenji akaangukia karibu nao. Aliyeangukia nje ni Rhodesian Ridgeback, mbwa mkubwa mwenye mstari wa manyoya mgongoni anayesifiwa dunia nzima kama mbwa wa simba wa Afrika. Sehemu kubwa ya damu yake si ya Afrika. Mwenye jina la Afrika kwenye cheti ni mgeni, na mwenyeji tunamwita koko.

Sidai kwamba Watasema alikuwa basenji. Alibweka, tena sana, hasa bodaboda ikipita. Na mimi sitaki awe basenji. Nikimtafutia jina la cheti ili apendwe, nitakuwa nimekubaliana na kijana wa boksi kwamba bila karatasi ya mzungu mbwa hana thamani. Basenji ananifaa kwa jambo moja tu: ni ushahidi kwamba ushenzi haukuwa ndani ya mbwa. Ulikuwa ndani ya neno, na neno tulilipeleka sisi.

Mtaniambia Kurasini si Ituri. Kweli. Kurasini ni bandari, matangi ya mafuta, yadi za makontena na malori yaliyopanga foleni Barabara ya Kilwa. Ni mtaa ambao nyumba zimekuwa zikipungua ili maghala yaongezeke. Familia zilizolipwa fidia zilipakia makabati na magodoro, zikahamia Mbagala, Kigamboni na mbali zaidi, na mara nyingi mbwa hakuwa na nafasi kwenye gari. Alibaki akilinda kiwanja ambacho geti lake limebomolewa. Miezi michache baadaye watu walewale walioagana na mwenye mbwa walimwita mbwa huyo koko, kana kwamba alizaliwa kichakani.

Hata hivyo mtaa unamtumia. Mlinzi wa yadi, kaka wa watu mwenye rungu na tochi, anajua kwamba saa tisa usiku masikio yake hayatoshi, kwa hiyo anabakisha ugali. Mama ntilie anajua panya hawakai karibu na banda lake kwa sababu gani. Tunakula jasho la mbwa huyu kila usiku, na asubuhi tunamtupia jiwe.

Kuna wanaonijibu kwa dini, na hao nawajibu kwa heshima, kwa sababu nimekulia kwao. Mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sawa. Lakini Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kila mtoto wa madrasa amesikia hadithi ya mwanamke mkosefu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Najisi ni hukumu ya chombo na nguo. Sijamwona shehe aliyenionyesha kwamba ni ruhusa ya sumu.

Wengine wananijibu kwa kichaa cha mbwa, na hiyo ndiyo hoja nzito. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, wengi wao watoto, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie sindano siku hiyohiyo. Mimi nina wadogo zangu, na wala siwaombi mchezee hatari hiyo.

Lakini hesabu yake ni hii. Mnyororo wa kichaa cha mbwa hukatika asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa. Kwa kuua mbwa haukatiki. Ukiua mbwa aliyechanjwa, hukupunguza hatari. Umeondoa askari mmoja kwenye mstari, na nafasi yake itajazwa na mtoto wa mbwa asiye na chanjo, kwa sababu jalala bado lipo na chakula bado kipo. Pemba ilionyesha njia. Chanjo ya mbwa iliumaliza ugonjwa kisiwani, ukaingia tena kutoka nje, na chanjo ikaumaliza tena. Hapo adui wa kichaa cha mbwa ni sindano, pamoja na kijikaratasi kinachosema nani amechomwa na lini.

Kijikaratasi hicho Watasema alikuwa nacho. Nilimpeleka mwenyewe, nimemfunga kamba ya katani, nikapanga foleni na watoto walioleta mbwa wao kwa mikokoteni. Daktari wa mifugo alimchoma, akajaza kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi, jinsia, tarehe. Aliposoma jina alicheka, akauliza, "Watasema nini?"

Alfajiri moja, kabla ya malori kuanza kupiga honi, tulikuta mbwa saba wamelala kando ya barabara, miguu imekakamaa, na vipande vya nyama vimebaki mchangani. Watasema alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Aliyeweka nyama hiyo simtaji. Nilienda kumuuliza mtu mwenye nafasi ya kujua, nikamwamkia, nikamwonyesha kadi. Aliitazama upande mmoja, akaigeuza, akanirudishia. "Mdogo wangu," alisema, "hayo si yalikuwa makoko tu?"

Makoko. Ngeli ileile. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na haisemi mnyama huyo awe na asili ya Ujerumani. Kati ya wale saba, najua watatu waliokuwa wamechanjwa. Usiku ule mtaa wetu uliua sehemu ya kinga yake, kisha ukalala ukidhani umejisafisha.

Kwa hiyo sijibu tena kwa kusema tuwapende mbwa. Mapenzi ni hiari. Nadai vitu vinavyowezekana. Kila serikali ya mtaa iwe na daftari la mbwa, kama ilivyo na daftari la wakazi. Kila mbwa anayelinda kiwanja cha mtu awe na jina la mtu huyo kwenye kadi, ili anapohama awe na wa kumuulizia. Siku ya chanjo itangazwe kwa kipaza sauti kama inavyotangazwa mikutano ya siasa. Jike wa mtaani afungwe uzazi badala ya watoto wake kutupwa mtoni wakiwa kwenye mfuko. Na wewe uliyesoma, unayejua kutamka "German Shepherd" bila kukosea, acha kuamini kwamba laki tatu na nusu zimekununulia mbwa bora. Umenunua neno.

Nasema hivyo kwa sababu yule mtoto wa boksini alinunuliwa siku ileile, akakua. Miguu haikurefuka. Kifua kilibaki chembamba. Masikio yalisimama, hapo mwenye mali akapata matumaini, lakini mwezi wa tano mkia ulianza kujikunja, na mwezi wa saba ulikuwa umekaa mgongoni kama mkono wa kikombe. Geti likaachwa wazi. Siku hizi analala chini ya benchi letu, na mzee aliyemnunulia maziwa humfukuza kwa fimbo. "Toka, koko wewe!"

Nilimpeleka chanjo mwezi uliopita. Daktari alikuwa yuleyule. Kadi za sasa zina mstari wa aina ya mbwa. Akanitazama, kalamu mkononi.

"Aina?"

"Wa kienyeji," nikasema.

Akaandika, akagonga mhuri, akaweka na tarehe ya kurudi mwakani.